Gome la mwarobaini si nguo tu

Pita mitaa ya Magomeni au Temeke utakuta mwarobaini umechunwa gome kuzunguka shina zima. Mchunaji ukimuuliza, anakujibu kwamba gome ni nguo tu ya mti, litaota jingine. Dhana hii inatuulia miti, ndiyo maana naanza nayo.

Chini ya ganda gumu la nje, gome lina tabaka laini linaloitwa floemu. Humo ndimo sukari iliyotengenezwa na majani hupita kwenda kulisha mizizi. Maji na madini hupanda kwa njia nyingine, zailemu, iliyo ndani zaidi, kwenye mbao. Kwa hiyo ukichuna gome mkanda mzima, maji huendelea kupanda na majani hubaki kijani kwa wiki nyingi, pengine miezi. Mchunaji anaondoka akiamini hajadhuru kitu, kumbe mizizi inakufa njaa. Katika karne ya 17, mwanasayansi Marcello Malpighi wa Italia alibandua mkanda wa gome, akaona sehemu iliyo juu ya jeraha inavimba: chakula kilikuwa kimekwama pale. Kama ni dawa unatafuta, chuma majani.

"Mbona mnazi wakwezi wanauchonga ngazi na haufi?" Swali zuri. Mnazi haukuumbwa kama mwarobaini. Mirija yake imetawanyika shina zima katika vifungu vidogo, kila kifungu kina zailemu na floemu yake, hivyo panga hukata vichache tu. Usiupime mwembe kwa mnazi.

Wengi pia huamini kwamba mizizi ndiyo pampu inayosukuma maji hadi kileleni. Mizizi husukuma kidogo, na kwenye baadhi ya mimea msukumo huo ndio unaotoa matone kwenye kingo za majani alfajiri. Kazi kubwa iko juu. Jua linapovukiza maji kupitia vitundu vya majani, yaani stomata, maji yaliyo nyuma huvutwa, kwa kuwa chembe za maji zimeshikana kama mnyororo. Fundi wa visima anajua kuwa pampu iliyo juu ya ardhi haiwezi kunyonya maji yaliyo zaidi ya mita 10 chini. Mti unapita hapo mara nyingi, bila injini, kwa mirija ambayo seli zake zimekwisha kufa. Maelezo haya yalitolewa na wanasayansi Dixon na Joly, Dublin, Ireland, mwaka 1894, na mimi bado hunistaajabisha kila nikitazama juu ya msufi.

Mbolea nayo si chakula cha mmea. Ni madini, chakula hupikwa na majani. Ukiizidisha kwenye tuta la mchicha, chumvi yake huvuta maji kutoka mizizini, na mboga hunyauka udongo ukiwa umelowa.

Kisha kuna kumwagia maji shinani. Mizizi minene ya pale huushikilia mti. Wanywaji ni vinyweleo vilivyo karibu na ncha za mizizi, mbali na shina. Ndoo ya mwembe mkubwa imwage pale kivuli chake cha saa sita mchana kinapoishia.