Shambulio la upande wa mfalme katika sataranji ya posta: dhana potofu na ukweli kuhusu mchezo wa Estrin na Berliner

Katika fainali ya 5 ya ubingwa wa dunia wa sataranji kwa njia ya posta, iliyochezwa kati ya 1965 na 1968 kwa kutumiana kila hatua kwa barua, Yakov Estrin wa Umoja wa Kisovyeti alishika kete nyeupe dhidi ya Hans Berliner wa Marekani, na Estrin akasalimu amri baada ya hatua 42. Berliner aliibuka bingwa kwa pointi 14 katika michezo 16, bila kushindwa hata mara moja. Mchezo huo ni miongoni mwa michezo ya posta iliyochambuliwa zaidi, lakini bado wanafunzi wengi wa sataranji huusoma wakiwa na dhana zinazowafanya wautazame mahali pasipo na jibu.

Dhana: Kwa posta shambulio halifaulu, kwa kuwa mlinzi ana siku nyingi za kutafuta jibu.

Ni kweli kwamba muda ulikuwepo. Kwa utaratibu uliozoeleka wa posta, mchezaji alipewa siku 30 kwa kila hatua 10, na siku ambazo barua ilikuwa njiani hazikuhesabiwa. Estrin naye hakuwa mtu wa kubahatisha, kwani alikuwa mtaalamu wa ufunguzi (mpangilio wa hatua za mwanzo) huohuo uliochezwa, Ulinzi wa Farasi Wawili, na baadaye alikuja kuwa bingwa wa 7 wa dunia. Hata hivyo, muda humsaidia mchezaji kuiona hatua nzuri iliyopo ubaoni. Hauwezi kumpa hatua isiyokuwepo. Mlinzi ambaye kete zake zimebaki mbali na mfalme wake anaweza kufikiri mwezi mzima na mwishowe akawa anachagua tu kati ya mabaya. Tena muda uleule anao mshambuliaji, ambaye hupata nafasi ya kuhakiki kila tawi la hesabu yake kabla ya kutoa kafara, yaani kuacha kete yake iliwe kwa makusudi. Kwa hiyo shambulio la posta ambalo msingi wake ni mbovu huumbuka upesi, na lile lenye msingi mzuri huwa la kutisha kuliko la mezani.

Dhana: Siri ya ushindi ni kafara moja ya kishujaa.

Kafara ipo. Nyeusi, yaani Berliner, alimpeleka farasi d4 (mistari ya ubao huitwa a hadi h, na safu zake 1 hadi 8) katika hatua ya 6, na baada ya malkia wake kufika h4 na askofu wake g4, aliacha farasi huyo aliwe na askari wa c3. Lakini anayeishangilia kafara na kuishia hapo hajauelewa mchezo. Ahesabu kwanza hatua za nyeupe. Katika hatua 16 za mwanzo, 9 zilitumiwa na kete mbili tu: farasi aliyetoka g1 akapitia f3, g5 na e4 hadi g3, na askofu wa mfalme aliyekwenda c4, akarudi f1, akala b5, akarudi tena e2, kisha akala f3. Wakati huo wote ngome ya a1, farasi wa b1 na askofu wa c1 hawakuondoka mahali walipopangwa.

Hapo ndipo shambulio lilipopata nguvu yake. Upande wa mfalme, malkia mweusi, maaskofu wake wawili na askari aliyefika e4 na kula f3 walikutana na walinzi wachache, huku robo nzima ya jeshi la nyeupe ikiwa imelala upande wa pili wa ubao. Katika hatua ya 18 askari wa h alilazimika kula g3, na mstari wa h ukafunguka mbele ya mfalme aliyesimama h1. Hapohapo nyeusi akaipandisha ngome yake b6, ikawa tayari kuhamia h6. Hatua hiyo ya ngome ni ya kimya, haili wala haimtishii mfalme moja kwa moja, na kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote katika mchezo huu. Askofu mweupe akalazimika kwenda g4, kisha h3, ili kuuziba mstari huo, na askari weusi wa h na g wakasonga mbele kumfuata.

Dhana: Anayeshambulia lazima kwanza amhifadhi mfalme wake mwenyewe.

Ni ushauri mzuri kwa anayeanza, lakini si sheria. Askofu mweupe alipokula b5 na kumtishia mfalme katika hatua ya 12, Berliner alimsogeza mfalme hadi d8, akabaki kwenye mistari ya katikati bila kinga. Alikuwa salama kwa sababu nyeupe hakuwa na kete ya kumfikia.

Dhana: Kufungua vitabu wakati wa mchezo wa posta ni udanganyifu.

Sivyo, vitabu, maandishi na ubao wa kujaribia vimeruhusiwa siku zote. Kompyuta ni suala jingine: ICCF, shirikisho la kimataifa la sataranji ya posta, linaziruhusu, ilhali majukwaa mengi ya intaneti yanazikataza hata katika michezo ya siku nyingi, hivyo ni lazima kusoma kanuni kabla ya kuanza. Katika miaka ya 1960 hapakuwa na programu iliyoweza kumsaidia mchezaji wa kiwango hicho. Berliner mwenyewe alikuja kuwa mtaalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambako alishiriki kuunda mashine ya sataranji iitwayo HiTech.

Dhana: Shambulio lisiloishia kwa mati (mfalme kunaswa bila njia ya kutoroka) limeshindwa.

Dhana hii ndiyo inayoharibu uchambuzi mwingi, kwa sababu msomaji huacha kuangalia mara tu mamalkia wanapoondoka. Hapa waliondoka katika hatua ya 28, na nyeusi akabaki na ngome moja na askari wanne dhidi ya ngome moja na askari watatu. Ngome ya nyeupe iliyobaki ilikuwa ileile ya a1, na hatua yake ya kwanza katika mchezo mzima ilikuwa ya 29. Faida hiyo ya askari mmoja ndiyo mavuno ya shambulio lote, wala si haba.

Pamoja na hayo, Berliner hakuikumbatia. Katika hatua ya 31 aliipeleka ngome c8 na kumwachia Estrin askari wa f7, kisha akaiweka c7 na kutaka ngome zibadilishane, jambo ambalo nyeupe hakuweza kulikubali, kwa kuwa askari mweusi wa h angebaki na njia wazi, mbali na mfalme ambaye angepaswa kushughulika na pande zote mbili. Ngome nyeupe ikarudi f2. Ndipo mfalme mweusi akaanza kutembea: e5, d4, akala d3, hadi c2, akiwakaribia askari wa mwisho wa nyeupe. Askari mweusi wa b alipofika b3, Estrin aliacha.