Multikasti kwenye swichi: maneno ya mafundi na ukweli wake

Vikao vya Bunge vikianza, hoteli na nyumba za wageni za Dodoma hujaa, na jioni televisheni za vyumbani, zinazopata chaneli kupitia mtandao wa hoteli, huwaka karibu zote. Hapo ndipo maneno ya mafundi wa mtandao yanapopimwa.

"Weka multikasti, mtandao utapumua." Multikasti ni kurusha mkondo mmoja wa data unaopokelewa na wengi kwa pamoja. Nusu kweli. Chaneli moja ya megabiti 8 kwa sekunde ikitazamwa vyumba 40, kila chumba na mkondo wake, seva inasukuma megabiti 320. Kwa multikasti inasukuma 8 basi. Lakini swichi, kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, hujifunza anwani kwa kuona pakiti (kipande cha data) imetoka wapi, na anwani ya kikundi, yaani ya pamoja kwa wote wanaopokea chaneli hiyo, haitumi pakiti hata siku moja. Swichi isiyo na mipangilio itafanyaje? Inamwaga kila chaneli kwenye kila poti, mpaka kwa printa ya mapokezi. Zikirushwa chaneli 30 za namna hiyo, ni megabiti 240. Poti ya megabiti 100 imekwisha.

Dawa ni swichi kudukiza IGMP (IGMP snooping), yaani kusikiliza ujumbe ambao vifaa hutumia kujiunga na vikundi vya multikasti. Televisheni inayotaka chaneli hutuma ombi la kujiunga na kikundi, tuseme 239.1.1.5. Ombi linaelekea kwenye ruta, ila swichi hulisoma njiani na kuweka kumbukumbu: kikundi hiki, poti ya 7.

"Ukishawasha kudukiza, kazi imeisha." Hii ndiyo inayotutesa. Picha inakuja safi, inakwenda dakika nne na ushei, inaganda. Ukizima televisheni na kuiwasha, inaonyesha. Kisha yale yale. Wapo wanaobadilisha kebo za ghorofa nzima kwa ajili ya hili! Kumbe kumbukumbu za swichi zina muda. Kwa viwango vya kawaida vya IGMP toleo la 2, lazima awepo muulizaji anayeuliza kila sekunde 125 nani bado anasikiliza. Sekunde 260 zikipita bila jibu, poti inafutwa. Kwenye mitandao mikubwa ruta ya multikasti ndiyo huuliza. Ruta ndogo ya intaneti ya hotelini mara nyingi haiulizi kitu, na televisheni isiyoulizwa hainyanyui mdomo. Swichi nyingine hazikati, zinarudia kumwaga kote. Washa uulizaji kwenye swichi kuu na uipe anwani ya IP. Wakitokea waulizaji wawili hawagombani: mwenye anwani ndogo ndiye anabaki.

"Multikasti isiyoombwa izuiwe yote." Usithubutu. Anwani za 224.0.0.x hubeba mazungumzo ya ruta zenyewe, na swichi inatakiwa kuzipitisha kote. IPv6, toleo jipya la anwani za mtandao, nayo hutumia multikasti kutafutana na majirani, na wasikilizaji wake hujulikana kwa MLD, inayofanya huko kazi ya IGMP.

"YouTube nayo ni multikasti." Hapana. Kila mtazamaji ana mkondo wake.

"Kwenye Wai-Fai mambo ni yale yale." Hewani multikasti kwa kawaida hurushwa kwa kasi ya chini na bila kuthibitishwa kuwa imefika, hivyo picha hukatika hata swichi ikiwa sawa. Tafuta kifaa cha Wai-Fai kinachogeuza multikasti kuwa mkondo wa mtu mmoja mmoja, au vuta kebo hadi chumbani.