PHP haijafa, na JavaScript si mtoto wa jana

Kila mradi mpya unapoanza hapa visiwani, iwe tovuti ya nyumba ya wageni Jambiani au mfumo wa ada wa skuli Chake Chake, hakosekani wa kusema: "PHP ya kizamani, tutumie Node.js." Wenziwe huitikia. Hoja hiyo ya umri haina mashiko kabisa. PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti aliyoianzisha Rasmus Lerdorf, ilitoka 1995, na JavaScript, lugha inayoendeshwa na Node.js kwenye seva (kompyuta inayohudumia tovuti), nayo ni ya 1995. Ni hirimu moja!

Wengine husema PHP ni nzito. PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, iliongeza kasi karibu maradufu kwa programu nyingi. Wikipedia inatumia PHP mpaka leo.

Node.js ina nguvu zake, siikatai. Inahudumia maelfu ya miunganisho kwa pamoja, haisimami kungoja hifadhidata imjibu mmoja ndipo imsikilize mwengine. Kwa gumzo, au kuonesha boti ilipo baharini papo hapo, ningeichagua bila kusita. Fomu ya kuweka nafasi ya chumba haihitaji hayo.

Mimi huuliza kwanza: nani atautunza mfumo? Nimeona mfumo mzuri ukitelekezwa kwa sababu aliyeujenga alihamia Dar es Salaam, na ofisini hakubaki hata mmoja aliyeijua teknolojia ile. Liliniuma sana. Kama wenzako watatu wanaijua Laravel, yaani zana za kujengea programu kwa PHP, vizuri, jenga kwa Laravel.