Alama ya kijani ya "imefanikiwa" haitoshi: kupanga kanuni za nakala rudufu ofisini

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia waandaaji wa programu kazi zao mtandaoni, akihangaika na hifadhidata iliyoelemewa, alifuta data kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala rudufu, yaani nakala za akiba za data. Zile za kila siku zilipotafutwa hazikuwepo: programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kila mara, na barua pepe za kuonya zilikataliwa na mfumo wa barua kabla hazijamfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono takribani saa sita kabla, kwa shughuli nyingine.

Wengi wakishasakinisha programu ya kulinda data hukimbilia ratiba ya kuchukua nakala. Anza na swali hili: tuko tayari kurudia kazi ya muda gani? SACCOS inayopokea marejesho ya mikopo dirishani kutwa nzima haiwezi kuandika upya risiti za siku nzima, kwa hiyo hifadhidata yake ichukuliwe nakala kila saa. Barua za utawala, mara moja kwa siku zinatosha. Hizo ni sera mbili, msizilazimishe kuwa moja. Ulizeni pia mnaweza kukaa muda gani bila mfumo, maana kwa intaneti ya kusuasua, kurudisha data yote kutoka mbali kunaweza kuwamalizia siku kadhaa.

Ratiba nayo iendane na ofisi. Kazi iliyopangwa saa nane usiku haifanyiki kwenye kompyuta inayozimwa saa kumi na moja jioni. Washa kanuni ya kufidia kazi iliyokosekana pindi mashine inapowaka.

Kinachosumbua zaidi ni muda wa kutunza nakala kabla hazijafutwa. Mtu anaandika siku 7 kwenye programu, kisha anashangaa diski imejaa nakala za karibu wiki mbili. Programu haijakosea. Nakala kamili huchukuliwa, tuseme, Ijumaa. Za siku zinazofuata hubeba mabadiliko tu, na bila ile ya Ijumaa hazirejesheki. Basi programu huishikilia wiki ya zamani mpaka mpya itimie. Nunua diski kwa hesabu hiyo, na usifute mafaili kwa mkono ili kupata nafasi.

Nakala moja ikae nje ya jengo, na moja isifikike kwa nenosiri la msimamizi wa kila siku, kwani virusi vya kudai fedha (ransomware), vinavyofunga data mpaka ulipe, huanza kwa kuzisaka nakala.

Agiza programu itume taarifa hata kazi ikifanikiwa. Siku taarifa isipokuja, mtu aulize. Na kila mwezi rejesheni hifadhidata kwenye kompyuta nyingine. Mhasibu mwenyewe, si fundi, aifungue na kulinganisha salio. Andikeni na muda uliotumika, kwa sababu ndio mtakaompa meneja siku atakapouliza mfumo unarudi lini.