Washairi wa vita wa Uingereza hawakuwa waoga

Wasomaji wengi hudhani kwamba washairi wa Uingereza waliolaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia waliikwepa. Sivyo. Mshairi Wilfred Owen, aliyemchora kwa beti askari akitapatapa ndani ya gesi ya sumu kama mtu anayezama katika bahari ya kijani, huku mwenzake akimtazama kupitia vioo vya barakoa, alikuwa ofisa aliyetibiwa mshtuko wa vita karibu na Edinburgh mwaka 1917, akarudi mstari wa mbele, akapigana kwa ushujaa uliomletea nishani, na akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja tu kabla ya bunduki kunyamaza. Siegfried Sassoon, aliyepinga hadharani kuendelezwa kwa vita, naye alikuwa na nishani hiyohiyo. Kwa maoni yangu, hasira ya beti zao inachoma kwa sababu ni ya watu waliowaongoza vijana wale mahandakini.