Dresingi ya saladi ya kujitengenezea nyumbani: maswali mnayoniuliza sana

Nafanya kazi ya lishe hapa Kisumu, na juzi tukiwa na kikundi cha akina mama Nyalenda nilichanganya siki na mafuta kwa chupa ya jamu, nikatingisha, nikamwagia kabeji mbichi tukala. Tangu hiyo siku simu yangu haipumziki, kila mtu ako na swali, na mengine ni ya maana sana kwa sababu kuna vitu watu wanaambiwa huko nje kuhusu siki ambavyo vinaeza kuumiza mtu. Wacha niyajibu yote pamoja.

Kwani kachumbari yetu haitoshi mpaka tuweke dresingi?

Inatosha kabisa. Ukikamulia nyanya na kitunguu ndimu ukaweka chumvi na dania, hiyo tayari ni dresingi, imekosa mafuta tu. Lakini hayo mafuta yana kazi yake, kwa sababu ile rangi ya karoti ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, pamoja na vitamini E na K za majani ya kijani, haziingii mwilini vizuri bila mafuta kidogo. Ukikata ovakado ndani ya kachumbari pia umemaliza hiyo kazi.

Napima aje?

Wapishi wengi huenda na kijiko kimoja cha siki kwa vijiko vitatu vya mafuta. Mimi nyumbani nafanya kimoja kwa viwili, kwa sababu kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni karibu kalori 120, iwe ya alizeti, iwe ya zeituni ya bei kali, kalori ni zile zile.

Anza na siki na chumvi, koroga mpaka chumvi iyeyuke, kwa maana chumvi haiyeyuki kwa mafuta na ukiichelewesha utaipata imekaa chini ya chupa kama mchanga. Halafu weka haradali nusu kijiko cha chai, mafuta mwisho, funga kifuniko vizuri utingishe kama unahesabu mpaka thelathini. Utaona mafuta yaliyokuwa yanaelea juu yamepotea, kitu kimekuwa kizito kina rangi ya maziwa maziwa hivi. Hiyo ni haradali imeshikanisha mafuta na siki, asali kidogo pia husaidia. Bila hizo zitaachana baada ya dakika chache, hakuna shida, tingisha tena. Na kuonja usionje na kijiko, itakuchoma ulimi uanze kuongeza sukari bure, chovya jani la kabeji uonje nalo.

Kwa chumvi tafadhali kuweni wakali. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha siku, ugali na samaki na kila kitu. Dresingi nyingi za dukani zina chumvi na sukari nyingi kuliko unavyofikiria, soma lebo. Hii ndio sababu kubwa nawaambia mjitengenezee, hasa kama kuna mtu wa presha kwa nyumba.

Siki gani ni nzuri?

Nyeupe, ya tufaha, yoyote ya chakula ambayo lebo inaonyesha asidi ya asilimia 4 au 5. Ukikosa, ndimu. Ile ya kupimiwa kwa chupa ya soda haina lebo usinunue, hujui ina nguvu kiasi gani, na asidi kali inachoma koo. Na usichanganyie kwa sufuria ya aluminiamu, siki hula hiyo sufuria, tumia glasi.

Haradali na mafuta ya zeituni sina, nafanyaje?

Hapa ndio napenda, kwa sababu sisi watu wa huku magharibi tuko na simsim na njugu na bado tunadhani dresingi ni kitu cha hoteli. Chukua simsim, ikaange kavu mpaka inukie, isage, kisha vijiko viwili vya hiyo simsim weka ndimu, chumvi kidogo na maji ya moto ukiongeza polepole. Mwanzoni itajikunja iwe ngumu kama udongo uone umeharibu, usiogope, ongeza maji kidogo kidogo itafunguka iwe laini kama uji. Njugu vivyo hivyo. Lakini njugu ichague kwanza moja moja, yenye ukungu, iliyosinyaa ama iliyobadilika rangi tupa, kwa sababu ile sumu ya ukungu inayoitwa aflatoksini haimaliziki kwa kukaanga na inaharibu ini. Mala pia inatoa dresingi tamu sana, iweke dania na kitunguu saumu, hiyo haihitaji hata siki.

Ni ukweli siki inaua viini kwa mboga?

Inapunguza, haimalizi. Usiitegemee. Kisumu tumeona kipindupindu si mara moja, kwa hivyo osha mikono na sabuni, osha mboga kwa maji safi yanayotiririka, na kama kuna mlipuko acha saladi mbichi kabisa, kula iliyopikwa. Na kuna dada aliniambia anaosha mboga na siki akichanganya na Jik ndio ikuwe na nguvu. Wapendwa, hapana! Siki na Jik zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inaharibu mapafu, hata kwa kuosha choo usichanganye.

Je, inashusha sukari na kupunguza tumbo?

Siki ikiliwa pamoja na chakula cha wanga inaeza kupunguza kidogo vile sukari inapanda baada ya kula. Kidogo. Kama unatumia dawa ya sukari endelea nayo, usipunguze kwa sababu ya saladi. Kwa kilo, kuna utafiti wa Lebanon ulitoka 2024 ukisema siki ya tufaha inakondesha sana, watu wakaanza kunywa kila asubuhi, na 2025 wenye jarida wakauondoa kwa sababu hesabu zake zilikuwa na mashaka. Kunywa siki tupu kunakula meno na kuchoma koo, na ukiwa na alsa ama kiungulia hata ile ya saladi tia kidogo sana.

Inakaa siku ngapi?

Siki, mafuta na chumvi pekee zinakaa siku kadhaa hata bila friji. Ukishaweka kitunguu, mala ama ovakado, kula siku hiyo hiyo. Kitunguu saumu kibichi kilicholowekwa kwa mafuta usikiache mezani hata kidogo, mle ndani hakuna hewa na kuna bakteria hatari wanaopenda mahali kama hapo, na huwezi kuwajua kwa harufu.

Mtoto wangu hataki mboga mbichi, hii itasaidia?

Jaribu ile ya njugu au simsim, mwekee kwa kibakuli kando achovye mwenyewe. Asali usiweke kama hajafikisha mwaka mmoja, ni hatari kwake, na huyo mdogo hata karoti mbichi ngumu usimpe, inaeza kumkaba, ichemshe ilainike. Wangu wa miaka minne alianza kwa kulamba njugu na kurudisha karoti kwa sahani, nikanyamaza tu, siku ya nne nikasikia anatafuna.