Je, wajua kwa nini korona ilimpita mjukuu ikamlaza bibi?

Julai 2021, majira ambayo Dodoma mchana ni upepo wenye vumbi na usiku ni baridi, wajukuu wawili walishuka basi la kutoka Dar es Salaam kuja Nkuhungu kumsalimia bibi yao. Mmoja ana miaka 6, mwingine 9. Kesho yake wote wanapenga kamasi. Walikunywa uji wa uwele, wakalala mapema, na baada ya siku mbili walikuwa uani wanagombania tairi bovu la baiskeli. Bibi, mwenye miaka 74, alianza kukohoa siku ya tano. Kufikia siku ya kumi na mbili hawezi kusema maneno matatu bila kutua kuvuta pumzi. Hospitalini muuguzi alimbana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni kikasoma 82. Mtu mwenye afya husoma 95 kwenda juu. Bibi alilala kwenye oksijeni siku tisa.

Nyumba ni moja, kirusi ni kilekile, na pengine hata kikombe cha maji ni kimoja. Iweje mtoto aumwe mafua na bibi akose pumzi?

Jambo hili lilitushangaza kwa sababu tumezoea kinyume chake. Ugonjwa ukiingia nyumbani, anayetazamwa kwanza ni mtoto. Barani Afrika, zaidi ya robo tatu ya wanaouawa na malaria ni watoto walio chini ya miaka 5. Surua, kuhara na nimonia navyo huwawinda wadogo. Chandarua kikiwa kimoja, anafunikwa mtoto; bibi atajifunika kanga. UVIKO-19 ikageuza kibao.

Kiasi ilivyokigeuza kinaonekana kwenye hesabu. Mwaka 2020, kabla ya chanjo, watafiti walikusanya takwimu nyingi, hasa za nchi tajiri, wakakadiria uwezekano wa kufa kwa mtu aliyeambukizwa. Kwa mtoto wa miaka 10 walipata vifo 2 katika watu 100,000. Kwa kijana wa miaka 25, kifo 1 katika 10,000. Miaka 55, vifo 4 katika 1,000. Miaka 65, 14 katika 1,000. Miaka 75, 46 katika 1,000. Akifika 85, ni 15 katika kila 100. Angalia hesabu hiyo inavyopanda: haiongezeki kidogo kidogo kama nauli ya daladala, inajizidisha. Hakuna umri ambao hatari inaanza ghafla, na wala hakuna umri ambao inatulia.

Sasa, sababu. Ya kwanza iko puani. Kirusi hiki huingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kiitwacho ACE2, mfano wa komeo la mlango. Vipimo vya ndani ya pua vilivyofanywa Marekani vilionyesha kwamba watoto wana vipokezi hivyo vichache kuliko watu wazima. Mimi naona sababu hii husifiwa kupita kiasi, maana watoto waliambukizwa vilevile, na wakaambukiza wengine. Bibi wa Nkuhungu ni shahidi.

Sababu nzito zaidi ni kasi ya kengele. Seli ikivamiwa na kirusi hupiga yowe, na yowe lenyewe ni kemikali iitwayo interferoni. Seli za jirani zikilisikia hufunga milango, nazo chembe za kinga hukimbilia mahali penye vurugu. Puani mwa mtoto seli ziko macho muda wote, maana haipiti wiki hajaletewa mafua mapya na wenzake, hivyo yowe hupigwa kirusi kikiwa bado mlangoni. Kwa mzee hupigwa kwa kuchelewa, kirusi kimeshashuka mapafuni. Wengine mambo ni mabaya zaidi: mwili wao hutengeneza kingamwili zinazoishambulia interferoni yenyewe, ni kama kumziba mdomo anayeita msaada. Hali hiyo ni adimu kwa vijana na huongezeka baada ya miaka 70. Watafiti waliochunguza wagonjwa wa nchi mbalimbali waliikuta kwa takribani mtu mmoja kati ya watano waliokufa kwa UVIKO-19.

Halafu kuna tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Humo ndimo chembe nyeupe ziitwazo seli T hukomaa na kufundishwa kumjua adui. Kwa mtoto tezi hii ni kubwa. Baada ya kubalehe husinyaa, na uzeeni sehemu yake kubwa hubaki mafuta. Mzee ana seli T nyingi zenye uzoefu wa magonjwa aliyowahi kuugua, lakini zile mpya, zinazoweza kujifunza sura ngeni, zimebaki chache. Na mwaka 2020 sura ilikuwa ngeni kwa kila mtu. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Hawakusema lolote kuhusu thaimasi.

Kinga iliyochelewa hujaribu kufidia kwa fujo. Mwili wa mzee, hata akiwa mzima, una joto la chinichini la kinga, mfano wa kaa lililofunikwa na majivu. Kirusi kikilichochea, moto hupita kiasi, na vifuko vidogo vya hewa mapafuni hujaa majimaji. Ndiyo maana watu wengi walizidiwa wiki ya pili, wakati kirusi chenyewe kimeanza kupungua. Juni 2020 Uingereza ilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei rahisi inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwa wagonjwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Kwao moto ulikuwa haujawaka.

Wa katikati, wenye miaka 40 hadi 60 hivi, waligawanywa na afya zao. Kisukari, shinikizo la damu na unene viliwasukuma upande wa wazee. Wanaume walikufa zaidi kuliko wanawake wa umri wao, na wajawazito, vijana kabisa, waliingia kwenye hatari ambayo umri wao haukuwapangia. Chanjo ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, waliotangulizwa pamoja na wahudumu wa afya walikuwa wenye miaka 50 na zaidi na wenye magonjwa sugu.

Watoto nao hawakusalimika wote. Walio chini ya mwaka mmoja walilazwa zaidi kuliko kaka na dada zao. Wachache walishikwa na hali ya ajabu wiki mbili hadi sita baada ya mafua yaliyokwisha kusahaulika: homa kali, tumbo kuuma, macho mekundu, moyo kulemewa. Huko ni kinga kuwaka baada ya adui kuondoka.

Msidhani kila kirusi cha mafua hupanda na umri hivi. Mafua makuu ya 1918 yaliua kwa wingi watu wenye miaka 20 hadi 40, wenye nguvu za kulima na kuchunga, na yalienea duniani wakati Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, upo katika njaa kuu ya Mtunya. Korona ilipokuja ilikuta nchi ambayo nusu ya watu hawazidi miaka 18 au 19. Italia, iliyopigwa vibaya Machi 2020, karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na miaka 65 au zaidi. Tofauti hiyo peke yake inaeleza mengi, ingawa haimfariji anayeishi na bibi.

Vipo virusi vinne vya jamii ya korona ambavyo vimekaa na binadamu muda mrefu na huleta mafua ya kawaida tu. Karibu kila mtu hukutana navyo utotoni, kengele yake ikiwa kali na thaimasi yake ikiwa kubwa, kisha hurudiana navyo maisha yote. Wanasayansi wengi wanatazamia hiki cha tano kielekee hukohuko. Mtoto aliyezaliwa Dodoma mwaka 2023 atakipata akiwa na miaka miwili mitatu, atapenga kamasi, na atakapofika 74 mwili wake utakuwa umeshapambana nacho mara nyingi. Bibi wa Nkuhungu, akiwa na umri huohuo, ndiyo kwanza alikuwa anatambulishwa.